Taa ya kobalti ilipokosekana: kisa cha tasnifu ya kemia iliyoandikwa bila maabara

Mwanafunzi wa kisa hiki nitamwita Biira, jina ambalo ukiliita sokoni Kasese watageuka wengi, kwa hiyo halimfichui mtu. Alikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza ya kemia katika chuo kikuu kimoja hapa Uganda, na mada yake ilikuwa imeshapitishwa: kuondoa shaba na kobalti kwenye maji kwa kutumia maganda ya matoke yaliyokaushwa na kusagwa.

Mada haikuokotwa barabarani. Kilembe, juu kidogo ya mji wa Kasese, palichimbwa shaba kuanzia 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Reli ilifikishwa Kasese kwa ajili ya mzigo huo, na uyeyushaji ukawa unafanyika Jinja. Uchimbaji ulipokoma, mabaki ya mawe yaliyosagwa yalibaki yamelundikana kwenye bonde la Mto Nyamwamba, na mto wenyewe si mpole. Mafuriko ya 2013 na ya 2020 bado yanasimuliwa. Kulikuwa pia na lundo kubwa la pairiti (madini ya chuma na salfa) yenye kobalti, ambalo baadaye kiwanda cha Kasese kililitumia kutoa kobalti kwa msaada wa bakteria. Maji ya mto huo huishia Ziwa George. Biira amekulia huko, hakuhitaji kuhadithiwa.

Kilichovunja mpango wake ni taa. Mashine ya AAS, ile inayopima metali kwa kuangalia mwanga unaofyonzwa na atomu zake, huhitaji taa ya elementi unayoipima. Ya shaba haipimi kobalti. Taa ya kobalti ya idara ilikuwa imekufa, mpya ilikuwa imekwama kwenye manunuzi, na hakuna aliyeweza kumwambia itafika lini. Msimamizi wake akamwekea njia mbili: asubiri na kuahirisha kuhitimu, au aigeuze kazi iwe tasnifu ya maandiko, yaani ya kuchambua makala zilizokwisha kuchapishwa. Mjomba aliyekuwa akimlipia ada hakuwa na muhula mwingine mfukoni. Biira akachukua njia ya pili, kwa shingo upande.

Nasema kwa shingo upande kwa sababu katika idara zetu tasnifu ya maandiko ina sifa mbaya. Wenzake walimwambia amepata mteremko. Hata baadhi ya wahadhiri huiona kama kazi ya aliyekosa kazi. Mimi huwafundisha wanafunzi hawa masomo ya ziada na nimesoma rasimu nyingi za aina zote mbili. Ubaya wa tasnifu ya maandiko huwa hautokani na kukosa chupa na vipimio. Hutokana na mwanafunzi kudhani kwamba alichokuwa akifanya maabara, yaani kupima, kukokotoa na kushuku, sasa hakimhusu.

Rasimu ya kwanza

Aliniletea sura ya pili ikiwa na kurasa nyingi na msimamizi akiwa ameandika pembeni maneno mawili tu, "Kwa hiyo?" Niliposoma nilielewa. Kila aya ilianza na jina la mtafiti, ikaja asilimia, ikafungwa. Fulani na wenzake walipata asilimia 96 ya shaba. Fulani na wenzake wakapata 89. Mwingine 72. Ilisomeka kama daftari la michango ya harusi: nani katoa nini, jumla haijapigwa.

"Mwalimu, nimefupisha makala zote kama walivyosema," akanijibu. "Sasa wanataka nini tena?"

Nikamuuliza swali la tasnifu yake ni lipi. Akanisomea: je, maganda ya ndizi yanaweza kuondoa metali nzito kwenye maji? Hapo ndipo ugonjwa ulipokuwa. Swali hilo lilifaa maabara, maana angelijibu kwa maganda yake, maji yake na mashine yake. Likihamishiwa kwenye maandiko linakufa palepale, kwa kuwa makala ya kwanza utakayofungua itakwambia ndiyo, na zinazofuata zitarudia ndiyo ileile. Swali la tasnifu ya maandiko linapaswa kuwa lile ambalo makala moja haiwezi kulijibu, ila nyingi zikiwekwa pamoja zinaweza.

Tulizunguka sana kabla ya kulipata. Mwishowe lilitoka kwenye zile asilimia zilizomchosha msimamizi. Iweje ganda lile lile la ndizi linase asilimia 96 kwa mmoja na 72 kwa mwingine? Biira akaliandika upya: kati ya tofauti kubwa zinazoripotiwa, ni zipi zinazotokana na ganda lenyewe na ni zipi zinazotokana na jinsi jaribio lilivyopangwa? Msimamizi alilipitisha bila maneno mengi.

Kuzipata makala

Hapa sitakaa. Maktaba za vyuo vyetu vingi zimeunganishwa na Research4Life, ambayo hufungua majarida ya kulipia kwa taasisi za nchi zenye kipato kidogo, lakini wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza hawajawahi kuomba nywila yake. Biira alikuwa mmojawapo. Aliongeza African Journals Online na Google Scholar. Aliandika vigezo vyake kabla ya kuanza kutafuta: shaba au kobalti, ganda la ndizi lisilotiwa kemikali nzito, masharti ya jaribio yametajwa. Akaweka daftari la maneno aliyotafutia na tarehe. Daftari hilo baadaye ndilo lililokuwa sura yake ya mbinu, kwa hiyo halikuwa urembo.

Jambo moja lilijitokeza mapema: za shaba zilikuwa tele, za kobalti za kuhesabika. Alitaka kuiacha kobalti. Msimamizi akamzuia, akisema uchache huo nao ni matokeo, uandike.

Jedwali

Kazi yenyewe ilianza alipofungua jedwali kwenye kompyuta na kuacha kuandika aya. Kila makala ilipewa mstari mmoja: ukolezi wa mwanzo wa metali, ujazo wa maji, uzito wa ganda, pH, joto, muda, ukubwa wa chembe za unga, kiasi kilichonaswa. Visanduku vingi vilibaki vitupu. Watu huchapisha makala nzima wakasahau kusema walitumia gramu ngapi.

Asilimia ndizo zilizoanguka kwanza. Nilimpa mfano wa kubuni tuukokotoe pamoja. Mtafiti wa kwanza ana mililita 100 za maji yenye miligramu 10 za shaba kwa lita, anatia gramu 1 ya ganda, anaondoa asilimia 95. Wa pili ana mililita 100 zenye miligramu 200 kwa lita, anatia gramu 0.1 tu, anaondoa asilimia 30. Nani ana ganda bora? Kwa asilimia ni wa kwanza, bila ubishi. Sasa piga hesabu. Wa kwanza alikuwa na miligramu 1 ya shaba majini, akaondoa 0.95, kwa hiyo kila gramu ya ganda imebeba miligramu 0.95. Wa pili alikuwa na miligramu 20, akaondoa 6, na ganda lake lilikuwa sehemu ya kumi ya gramu: miligramu 60 kwa gramu. Mara sitini na zaidi. Ukweli ni kwamba hata hapo huwezi kumtangaza mshindi, maana kiasi kinachonaswa hupanda ukolezi unapopanda. Wa kwanza pengine hakulishibisha ganda lake. Ulinganisho wa haki unahitaji kiwango cha juu cha unasaji kinachotokana na isothemu, yaani mchoro wa kiasi kinachonaswa kwa ukolezi mbalimbali kwenye joto lilelile, siyo nukta moja.

Biira alirudi na jedwali lenye safu mpya, asilimia zikiwa zimehamishiwa pembeni. Lakini sasa alikuwa ameandika kwamba ganda "linapenda" risasi kuliko shaba na kobalti, kwa sababu makala zilizopima metali kadhaa ziliipa risasi miligramu nyingi zaidi kwa gramu. Nikamwambia arudi kidato cha tatu. Atomu ya risasi ina uzito wa 207.2, ya shaba 63.55, ya kobalti 58.93. Ukihesabu kwa milimoli, yaani kwa idadi ya chembe badala ya uzito, miligramu 20 za risasi ni milimoli 0.097 hivi, miligramu 20 za shaba ni milimoli 0.315. Ganda halina mizani. Lina sehemu za kushikia, na ioni moja hushika sehemu yake iwe nzito au nyepesi. Alipobadilisha safu nzima kuwa milimoli, baadhi ya mistari ilipinduka: metali iliyokuwa ikiongoza kwa miligramu ikawa nyuma kwa idadi ya ioni. Tangu siku hiyo sikumsikia tena akiulizia ile taa.

Sehemu ninayoiona kuwa kiini cha kazi yote ni pH. Makala kadhaa zilisema ganda linanasa shaba vizuri zaidi kuanzia pH 6 hadi 7, na linainasa kuliko kobalti. Sababu ya kawaida inayotolewa ni sahihi kwa sehemu: kwenye tindikali kali ioni za haidrojeni ni nyingi, nazo hugombea sehemu zilezile, kwa hiyo ukipunguza tindikali metali inapata nafasi. Ila nilimwomba afanye hesabu ndogo kwenye karatasi. Chukua maji yenye miligramu 50 za shaba kwa lita. Gawa kwa 63.55, unapata milimoli 0.79 kwa lita. Haidroksidi ya shaba huyeyuka kidogo mno; zao lake la umumunyifu, namba inayoonyesha ni kiasi gani kinaweza kubaki kimeyeyuka, liko kwenye kiwango cha 10⁻²⁰. Tafuta ni pH gani itakayofanya haidroksidi hiyo ianze kuganda, yaani kutoka majini kama mashapo.

Aliandika taratibu, akafuta mara moja pale aliposahau kutafuta kipeuo cha pili, kisha akaweka kalamu chini. Jibu lilikuwa kati ya 5.5 na 6.

"Kwa hiyo kwenye pH 7 shaba inatoka majini hata bila ganda?"

Nyingi yake, ndiyo. Inakuwa mashapo, inabaki kwenye karatasi ya kuchujia pamoja na unga wa ganda, na mashine inaona maji safi. Mtafiti asiyeweka chupa ya kulinganishia, yenye shaba na pH ileile lakini isiyo na ganda, hana njia ya kujua amenasa au amegandisha. Kisha nikamwambia arudie hesabu kwa kobalti. Zao la umumunyifu la haidroksidi yake liko kwenye kiwango cha 10⁻¹⁵, kwa hiyo kwa ukolezi uleule kobalti hubaki imeyeyuka mpaka pH ipite 8. Unaona basi kinachotokea ukizilinganisha metali hizi mbili kwenye pH 7: shaba inasaidiwa na kuganda, kobalti haisaidiwi, na mwandishi anahitimisha kwamba ganda linaipenda shaba. Pengine linaipenda kweli. Jaribio hilo halionyeshi.

Hesabu hii ni nyepesi, haigusi kabonati wala ioni nyingine zinazoshikana na metali, na Biira aliandika hivyo waziwazi. Lakini ilimpa safu muhimu kuliko zote kwenye jedwali: je, palikuwa na chupa ya kulinganishia? Aliitenga mistari ya pH iliyo chini ya 5.5 na ile iliyo juu, akazijadili mbalimbali. Sura ya pili ikageuka kutoka daftari la michango na kuwa hoja.

Mambo mengine yaliyomkwamisha

Karibu kila makala ilidai kwamba mwendo wa unasaji unafuata mlinganyo wa daraja la pili la bandia (pseudo-second-order), kwa sababu mstari ulionyooka ulitoa R², kipimo cha jinsi nukta zinavyolala kwenye mstari, ya 0.99. Biira alinakili hivyo hivyo. Msimamizi, mama mkali kidogo lakini mwenye haki, alimtaka aeleze kwa nini. Umbo lile la mstari huweka muda upande mmoja, na upande wa pili huweka muda uliogawanywa kwa kiasi kilichonaswa. Muda umo pande zote mbili, kwa hiyo mstari utanyooka hata kwa data ya hovyo, hasa zile nukta za mwisho ambapo ganda limeshashiba. R² ya namna hiyo haithibitishi utaratibu wowote wa kikemia. Aya yake juu ya hili ilikuwa fupi na ilikuwa nzuri.

Kisha kulikuwa na suala la kumtaja Langmuir, 1918, mwenye mlinganyo wa isothemu unaotumiwa sana. Makala zote humtaja, naye akamtaja. Msimamizi akamuuliza mbele ya wenzake: "Hiyo makala inahusu nini, Biira?" Kimya. Inahusu gesi kwenye nyuso za kioo, maika na platini. Hakuna maji, hakuna ganda, hakuna metali nzito. Alikwenda kuisoma, na ndipo alipoweza kuandika kwa maneno yake kwamba mlinganyo ule unachukulia sehemu za kushikia zote ziko sawa na kila moja hubeba kimoja tu, dhana ambayo unga wa ganda la ndizi, wenye selulosi, pektini na lignini ndani yake, hauwezi kuitimiza kikamilifu.

Marejeo mawili kwenye rasimu ya kati yalikuwa na namba za DOI, yaani viungo vya kudumu vya makala mtandaoni, zisizofunguka. Yalitoka kwenye programu ya gumzo ya simu. Majina ya majarida yalikuwa ya kweli, makala hazikuwepo. Yaliondolewa na sentensi zilizoyategemea zikaondoka nayo. Mtu akikuambia msimamizi hatagundua, kumbuka kwamba kubofya kiungo hakuhitaji shahada ya uzamivu.

Kuhusu ripoti ya kufanana kwa maandishi, asilimia yake ya kwanza ilikuwa juu kwa sababu alikuwa akibadilisha maneno sentensi kwa sentensi. Ilishuka yenyewe alipoanza kuandika kutoka kwenye jedwali badala ya kutoka kwenye makala. Hakuna ujanja mwingine alioutumia.

Hitimisho lililokatwa

Biira alitaka kumalizia kwa kuwashauri wakazi wa bonde la Nyamwamba wachuje maji ya kunywa kwa maganda ya matoke. Namwelewa, ni watu wake. Msimamizi alikata ukurasa mzima, na hapa nilikuwa upande wa msimamizi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa shaba kwenye maji ya kunywa ni miligramu 2 kwa lita. Jaribio linaloanza na miligramu 100 na kuondoa asilimia 95 linaonekana tamu kwenye grafu, lakini limeacha miligramu 5. Maji ya kweli ya mto yana chuma, kalsiamu na magnesiamu zinazogombea nafasi, wakati sehemu kubwa ya majaribio hutumia metali moja kwenye maji yaliyotoneshwa. Ganda bichi lenyewe hutoa rangi na vitu vya kikaboni majini. Na likishabeba shaba, utalitupa wapi? Ukilimwaga shambani umeirudisha shaba ulikoitoa.

Badala yake aliandika mambo matatu ambayo data yake iliyabeba. Kwamba thamani nyingi za shaba zilizopimwa juu ya pH 5.5 bila chupa ya kulinganishia zisitumike kulinganisha maganda. Kwamba kobalti imesahaulika. Na kwamba makala alizozipata zilitumia zaidi ndizi mbivu za kula, wakati ganda la matoke, ambalo Uganda humenywa na kutupwa kila siku, lilikuwa halijatendewa haki. La tatu nilikuwa na shaka nalo, maana yawezekana utafutaji wake ulikosa ripoti za ndani ambazo hazijawekwa mtandaoni, na nilimshauri aandike "katika makala zilizopatikana". Aliandika hivyo.

Mbele ya jopo

Mtahini mmoja alifungua kwa kusema haoni kemia humu, anaona maktaba. Biira alimwomba ruhusa aende ubaoni. Akaandika zao la umumunyifu la haidroksidi ya shaba, akakokotoa ile pH tangu mwanzo, kisha akaweka chini yake thamani za makala tatu kutoka kwenye jedwali. Mtahini aliuliza kuhusu kabonati. Akajibu kwamba mfumo ukiwa wazi kwa hewa hesabu itasogea, na kwamba ndiyo sababu ameitumia kutenga makala, hakuitumia kuzihukumu. Maswali yaliyofuata yalikuwa ya kemia tupu.

Alifaulu, ingawa siyo kwa alama alizostahili, na hili nalitupia fomu ya kusahihishia. Ilikuwa imetungwa kwa ajili ya kazi za maabara: alama kadhaa za "vifaa", kadhaa za "usalama", kadhaa za "matokeo ya majaribio". Jopo lilibidi likisie namna ya kuzigawa, na lilikisia kwa ubahili. Daftari la utafutaji na vigezo vya kuchuja makala, ambavyo ndivyo vifaa na mbinu za kazi ya aina hii, vilipewa nafasi chini ya "mengineyo". Msimamizi wake ameandikia idara kuomba fomu tofauti kwa tasnifu za maandiko, yenye alama za swali, za utafutaji, za ukokotoaji upya na za uamuzi. Bado inajadiliwa kwenye vikao.